Maji Yaliyomo Ubongoni na Utando Unaoyazunguka
(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Alasiri)



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kutuona tumesimama hapa kuzungumzia ubongo. Sababu ni kwamba zaidi ya mara moja tumeletewa mtoto mchanga ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi, tukaombwa tumsomee. Tulisoma, na dua ni haki yake. Lakini mtoto mmoja tulimsomea kwa wiki nyingi bila hata kumwuliza mama yake kama amekwenda hospitali. Alipofikishwa huko, macho yake yalikuwa yamekwisha poteza nuru. Jambo hilo limetukaa moyoni.

Ubongo si donge la nyama tupu. Ndani yake mna vyumba vinne: viwili vikubwa, kulia na kushoto, cha tatu katikati, na cha nne nyuma, karibu na shingo. Kati ya cha tatu na cha nne pana mfereji ambao upana wake ni kama milimita moja au mbili tu. Vyumba vyote vimejaa maji maangavu. Humo ndani mna vishada vya mishipa midogo ya damu, viitwavyo koroidi, ambavyo huchuja sehemu kubwa ya maji hayo kutoka katika damu. Kwa mtu mzima hupatikana kiasi cha nusu lita kila siku, ilhali yaliyopo kwa wakati mmoja ni mililita 150 hivi. Maana yake ni kwamba maji hayo hubadilishwa yote mara tatu au zaidi kwa siku. Hutoka chumba cha nne kwa matundu matatu, yakauzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yakarudi katika damu.

Kuta za vyumba hivyo zimetandikwa utando mwembamba mno uitwao ependima. Ni safu moja tu ya chembe hai, zimepangwa kama vigae sakafuni. Juu yake mna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kwa pamoja mfano wa makasia na kuyasukuma maji yaliyo karibu na ukuta. Mtaalamu Purkyně wa Bohemia aliviandika habari zake mwaka 1836. Chembe hizi zikifa, mwili hauna uwezo wa kutosha wa kuziotesha tena. Mahali pake hushika kovu.

Wazee wetu wa elimu walivishughulikia vyumba hivi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka taswira katika chumba cha mbele, fikra cha kati, na kumbukumbu cha nyuma. Tusione haya kusema kwamba hapo alikosea, kwani kazi hizo zimo katika nyama ya ubongo yenyewe. Lakini Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyemtangulia kidogo, alikwisha andika katika At-Tasrif juu ya watoto wenye maji kichwani. Basi maradhi haya si mageni, wala hayakuanza kwa jicho la jirani.

Hutokeaje? Mtoto mchanga akipatwa na homa kali ya vijidudu katika wiki zake za mwanzo, vijidudu vyaweza kufika ndani ya vyumba. Utando huwaka, hupata makovu, na ule mfereji mwembamba huziba. Koroidi haijui kwamba njia imefungwa. Huendelea kuchuja maji usiku na mchana. Mifupa ya kichwa cha mtoto haijaungana, basi kichwa hupanuka, na ubongo hubanwa ukutani. Wengine huzaliwa na mfereji uliokwisha ziba, na wengine wana mgongo wazi.

Huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf kutoka Marekani aliwatibu watoto wengi wa namna hii kuanzia mwaka 2001, na aliona kwamba wengi wao walipata maradhi baada ya homa za utotoni. Tiba iliyozoeleka ni kuweka mpira mwembamba unaoteremsha maji tumboni. Hufaa, lakini mpira huweza kuziba, na mtoto aliye mbali na hospitali hufa kabla ya kufikishwa. Warf alitoboa njia mpya katika sakafu ya chumba cha tatu kwa darubini nyembamba, na kuichoma koroidi ili maji yapungue. Utafiti uliofanywa huko kwa watoto wachanga 100, ukatangazwa mwaka 2017, haukuona tofauti kubwa ya akili baina ya waliotibiwa kwa njia hii na waliowekewa mpira, walipopimwa baada ya mwaka mmoja. Lakini hakuna tiba kati ya hizo inayorudisha ubongo uliokwisha haribika kwa kubanwa, na ndiyo maana siku zina thamani.

Tazameni utosi uliovimba na kukaza, mishipa ya kichwa iliyojitokeza, macho yanayoelekea chini daima, kutapika, na kulala kupita kawaida. Mtoto mchanga mwenye homa naye asingojee kesho. Na msomaji yeyote atakayewaambia mwache hospitali mpaka amalize siku zake saba, mwambieni tumekataza sisi.

Dada yetu mkunga yuko upande wa akina mama, ana utepe na kadi ya vipimo. Mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja abaki, apimiwe kichwa kabla ya Magharibi.