Ada ya Majitaka Inalipia Nini?
Kanuni za kuzuia petroli, asidi na madini mazito yasimwagwe kwenye mabomba ya majitaka zikitajwa, wenye viwanda huuliza: kwani ada tunayolipa ni ya nini? Swali ni la haki, ila linasahau namna mtambo wa kusafisha majitaka unavyofanya kazi. Mabwawa ya Ruai, yanayopokea sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi, hutegemea jua, mwani na bakteria. Bakteria hula kinyesi. Kromu ya kiwanda cha ngozi hawaili. Ikizidi huwaua, na inayobaki hutua kwenye tope au hutiririka hadi Mto Nairobi. Ada inalipia kazi ambayo mabwawa yanaiweza, basi.

Karakana ndogo zina hoja nzito zaidi: kusafisha majitaka kabla ya kuyamwaga ni gharama. Kweli, lakini karakana za eneo moja zinaweza kuchangia mtambo mmoja wa kuyasafisha awali. Petroli nayo haina mjadala: isimwagwe kabisa. Aprili 1992, mjini Guadalajara, Meksiko, ilivuja ikaingia kwenye mfumo wa majitaka, ikalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Basi, ili kanuni zifuatwe, mkaguzi na chupa zake za sampuli afike usiku pia. Mchana kila kiwanda ni safi.