Huna Wakili? Haki ya Kusikilizwa Bado Ni Yako

(Mada iliyotolewa katika darasa la itikadi la vijana)



Mwaka 2019 shangazi yangu alishtakiwa kwa deni la jirani aliyemdhamini. Akaletewa samansi, nyaraka zote Kiingereza. Hakuwa na hela ya wakili, akazifungia sandukuni. Hukumu ikatoka ya upande mmoja, nyumba ikauzwa. Shangazi anasema, "Mwanangu, mimi ningejibu nini bila wakili?"

Hapo ndipo tunapoumizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba haizungumzii watuhumiwa wa jinai peke yao. Inasema haki na wajibu wa mtu yeyote vinapoamuliwa na mahakama, mtu huyo asikilizwe kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Deni, mirathi, talaka, vyote vimo. Na sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inakuruhusu kusimama mwenyewe.

Sasa shikeni haya. Ukipata samansi ya kesi ya kawaida ya madai, una siku 21 kuwasilisha utetezi wa maandishi. Usikae nayo! Hukumu ikitoka bila wewe kuwepo, wahi mahakama ile ile uombe itenguliwe, ukiwa na sababu ya msingi. Ada imekushinda? Omba kufungua shauri kama mtu asiye na uwezo. Na tangu 2017 tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria. Watafuteni wasaidizi wa kisheria mapema.

Kuna atakayesema Ibara ya 107A inaikataza mahakama kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Kweli, ila msiigeuze mto wa kulalia. Ukichelewa bila sababu, utafungiwa mlango.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama. Ni hatua, tuiseme. Lakini haki ya kusikilizwa ina maana gani kama mwananchi hajui asemeje, wakati mwenzake amekuja na mawakili watatu? Ndiyo maana tunapodai Katiba Mpya, tusidai Tume Huru tu. Tudai msaada wa kisheria kwa maskini uandikwe humo, hata kwenye kesi za madai.

Kabla ya hapo, kila mmoja wetu akirudi mtaani aulize nyumba kwa nyumba: nani ana samansi sandukuni?