Kibaba cha Mama



Katika sura ya 12 ya kitabu cha Kutoka twasoma jinsi wana wa Israeli walivyoagizwa, usiku ule wa kutoka Misri, kula nyama ya mwana-kondoo iliyochomwa motoni, pamoja na mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu. Waliagizwa pia kuirudia karamu hiyo kizazi hata kizazi. Na watoto watakapouliza maana yake, waelezwe. Kumbukumbu hiyo haikuwekwa kwa mtu mmoja. Ilikabidhiwa nyumba nzima.

Leo natamani tuitazame karamu iliyo ndogo zaidi, ile ya jikoni mwa mama zetu. Wako wengi ambao, mama akiisha kufariki, hutaka kukipika tena chakula chake, nao hushindwa.

Chukueni mfano wa mkate wa kumimina, ujulikanao sana pwani. Mchele huroweshwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Kisha humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, na makaa hutiwa chini na juu ya kifuniko. Maneno yenyewe ni machache. Lakini binti akitafuta kipimo, akikumbukacho ni kibaba, yaani robo ya pishi. Dukani anauziwa kilo. Tui lilikuwa zito kiasi gani? Mama alipima kwa jicho. Uliachwa uumuke kwa muda gani? Mama alifunua, akatazama, akajua. Binti afuata yote anayoyakumbuka, na mkate watoka mgumu kama tofali.

Je, ujuzi ule umezikwa na mama? Sivyo, umetawanyika. Dada mkubwa, aliyeosha mchele, ajua uliroweshwa tangu saa ngapi. Kaka, aliyekalia mbuzi akikuna nazi, akumbuka kwamba tui la kwanza lilitengwa na la pili. Kitinda mimba, aliyepepea makaa, akumbuka moto wa juu ulivyozidi ule wa chini. Kila mmoja anayo chembe yake. Lakini tangu matanga ya mama, kaka hasemi na dada zake kwa sababu ya shamba. Waligawana minazi, wakadhani urithi umekwisha. Kumbe upo urithi mwingine usiolika mpaka uunganishwe.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Methali hii twaitumia tunapoweka akiba ya fedha. Lakini ile haba iliyo mikononi mwa ndugu tuliyemnunia nayo yatakiwa; pasipo hiyo, kibaba hakijai.

Basi wewe ambaye mama yako angali hai, usingoje. Keti naye jikoni, uwe binti au uwe kijana wa kiume. Kitie kibaba chake mizanini, uandike. Nawe uliyefiwa, mwendee ndugu yako, wala usianze na habari ya shamba. Mwulize kwanza, "Mama alikuwa akifanyaje?" Yamkini mkate wenu usifanane kabisa na ule wa mama. Msihuzunike. Umegeni, mpeane, kama yeye alivyowazoeza.

Mwenyezi Mungu awajalie Jumapili yenye amani.