Kovu na Kosa

Fundi anapoletewa baiskeli kuukuu ya Raleigh, iliyoundwa Nottingham, Uingereza, miaka ya 1950, humkabili swali zito: abakize nini, na arekebishe nini? Rangi iliyochunika na nembo iliyochakaa ya kichwa cha korongo ni ushahidi wa safari zake. Akiipaka upya yote itang'aa, lakini ushahidi huo utafutika, wala hautarudi.

Hata hivyo, ringi zake za chuma zikilowa mvua huteleza, na breki hushika kwa shida. Udhaifu huo nao ni wa asili, umetoka kiwandani. Je, tuuheshimu hata ukimwangusha mpandaji? La hasha! Fundi mwenye busara huweka mipira ya breki inayoshika vizuri zaidi, na ile ya kale huihifadhi, ili atakayekuja ajue kilichobadilishwa.

Basi, nasi tuliorithi mila za wazee wetu tusizikwangue kwa kuwa ni kuukuu, wala tusitetee lenye kuumiza watu kwa kuwa tulilikuta. Kovu tuliache; kosa tulirekebishe, tena bila kuficha kwamba lilikuwapo.