Kalsiamu: Tujue Mahitaji ya Mwili Kabla ya Kununua Vidonge

Ndugu wananchi wa Tunduma na Mkoa wa Songwe,

Mji wetu ni lango la nchi. Bidhaa nyingi hupita hapa kwenda na kutoka Zambia, na miongoni mwa zinazonadiwa sokoni ni vidonge viitwavyo “dawa ya mifupa”. Kabla ya kutoa fedha, yatupasa kujua mwili unahitaji nini.

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki huwezesha misuli kukaza, moyo kudunda na damu kuganda. Chakula kisipoileta ya kutosha, mwili huichota mifupani. Uchotaji huo hauumi. Wengi huutambua uzeeni, nyonga inapovunjika kwa kujikwaa tu.

Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku. Mtoto wa miaka 9 hadi 18 huhitaji 1,300, na mwanamke aliyevuka miaka 50 huhitaji 1,200.

Tuanzie jikoni. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban miligramu 300. Dagaa wanaoliwa wazima, pamoja na mifupa yao, ni chanzo kizuri. Mnofu wa samaki mkubwa hauwafikii. Ugali wa sembe una kalsiamu kidogo mno, ilhali ulezi unayo kwa wingi. Chainizi na sukuma wiki hufaa kuliko mchicha, ambao asidi yake ya oksaliki huzuia kalsiamu isifyonzwe vizuri.

Kwa mama mjamzito jambo hili ni zito zaidi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba, mahali ambapo chakula cha watu kina kalsiamu kidogo, mjamzito apewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Kipimo hicho hupangwa kliniki, si kwenye meza ya muuzaji. Vidonge vya kuongeza damu visimezwe pamoja na kalsiamu; viachanishwe kwa saa kadhaa.

Anayenunua vidonge asome lebo kwa makini. Kidonge chenye kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 hutoa kalsiamu yenyewe miligramu 500 tu. Asiyejua hudhani amepata kipimo cha siku nzima, kumbe amepata nusu. Naye anayezidisha hujitafutia kufunga choo na mawe ya figo. Anayetumia dawa kama tetrasaiklini amweleze mfamasia, kwa kuwa kalsiamu huzuia dawa hiyo isifanye kazi ipasavyo.

Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelezo katika lugha unayoisoma, liache. Dai risiti, na ukiwa na shaka toa taarifa kwetu. Mifupa hujengwa kwa mlo wa kila siku. Kidonge huziba tu pengo ambalo mtaalamu amelipima.