Mofolojia ya Msimbo: Disasembla katika Jicho la Mwanaisimu

Mkuyuni ni jina la kata iliyo upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, katika barabara itokayo Bigwa kwenda Kisaki. Kwa mwanafunzi wa mofolojia, kulichanganua jina hilo ni kazi ya dakika moja: kiambishi ngeli m-, mzizi -kuyu, na kiambishi tamati cha mahali -ni. Uchanganuzi huo ni sahihi. Hata hivyo, haumwelezi ni mkuyu upi uliokusudiwa, wala ni nani aliyepaita mahali hapo kwa jina la mti huo. Mwanza nako kuna Mkuyuni. Herufi ni zilezile, mti ni mwingine. Umbo limehifadhi muundo na kuiacha historia nje. Mhadhara huu unahusu umbo jingine lenye tabia hiyohiyo, yaani faili la programu iliyokwisha kukompailiwa, pamoja na chombo cha kulisomea.

Mtunzi wa programu huandika msimbo chanzo kwa lugha kama C. Kompaila huugeuza msimbo huo kuwa faili la obijekti, ambalo ni mfuatano wa baiti ziielekezazo prosesa. Disasembla hurudi nusu ya njia: huzigawa baiti hizo katika amri, na kila amri huipa jina lake la asembli. Katika mfumo wa Linux hutumika sana objdump, mojawapo ya zana za GNU Binutils. Mtumiaji huandika katika mstari wa amri objdump -d hesabu.o, naye huorodheshewa amri zote.

Ugumu wa kwanza ni wa mipaka, na mwanaisimu ataufahamu mara moja. Katika prosesa za Intel urefu wa amri hubadilikabadilika. Baiti tano b8 c3 00 00 00, zikisomwa tangu mwanzo, ni amri moja: weka 195 katika rejista eax. Usomaji ukianzia baiti ya pili, c3 peke yake ni amri kamili yenye maana nyingine kabisa: rejea ulikotoka. Ndivyo wanawake inavyotofautiana na wana wake. Lakini lugha ya binadamu ina uhuru ambao mashine haina. Kitabu kiliingia kutoka Kiarabu, ambako ki- ni sehemu ya neno lenyewe. Waswahili wakaikata kama kiambishi, wakapata vitabu, na mkato huo ndio uliokuwa sarufi. Prosesa ikianza kusoma mahali pasipo pake, haipati wingi mpya. Hutekeleza amri ambazo hakuna aliyezikusudia.

Ugumu wa pili ni wa rejeleo. Faili la obijekti likiita kazi iliyomo katika faili jingine, anwani yake bado haijulikani. Katika Intel za biti 64, objdump -d huonyesha e8 ikifuatwa na baiti nne za sufuri, kana kwamba programu inaita amri inayofuata papo hapo. Msomaji asiye mwangalifu atapotoka. Kitenzi kimevunjika nacho hakisemi ni kiti au kikombe. Ki- husubiri nomino. Akiandika objdump -dr, chini ya mstari huo hutokea jina linalosubiriwa, tuseme chapa_ripoti, ambalo linka italitafutia anwani baadaye.

Kiswahili hubaki wapi basi? Maelezo ya mtunzi hufutika yote. Majina ya vigeu vya ndani nayo hupotea, isipokuwa kompaila iwe imeagizwa kuyahifadhi. Sentensi za kumwonyesha mtumiaji, kama vile “Faili halijapatikana”, hubaki zima, kwa kuwa mashine hazizisomi. Huzibeba tu kama mzigo. Anayetaka kuzitafsiri sentensi zilizozikwa humo hana njia ya halali na nyepesi pasipo msimbo chanzo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliwezekana kwa sababu OpenOffice.org ilikuwa programu huria.

Programu nyingi huria huziweka sentensi hizo kando, katika mafaili ya gettext. Mfasiri huhariri faili la po, nalo hukompailiwa kuwa faili la mo. Chombo kiitwacho msgunfmt huweza kulirudisha faili la mo kuwa po, na hapo kila sentensi ya Kiingereza hurudi pamoja na mwenziwe wa Kiswahili. Kisichorudi ni maelezo ambayo mfasiri aliyaandika kando ya istilahi: kwa nini alichagua faili badala ya jalada, na kompyuta badala ya tarakilishi. Hayo hayakuingizwa katika mo tangu awali, na mwanaleksikografia anayeyahitaji hana budi kuwa na lile faili la po lenyewe.