Kompyuta Ikiamka na Doki Ikabaki Imelala



Katika ofisi nyingi zenye kompyuta mpakato huonekana kisanduku kidogo pembeni mwa meza, ambacho mafundi hukiita doki. Kazi ya kisanduku hicho ni kukusanya nyaya mahali pamoja. Skrini kubwa, kibodi, kipanya, printa, waya wa mtandao na diski ya nje vyote huchomekwa kwenye doki, kisha waya mmoja tu hutoka humo na kuingia katika kompyuta. Waya huo hupitisha picha na habari, na katika doki nyingi hupitisha pia umeme wa kuchaji. Katibu anapotakiwa kwenda mkutanoni na kompyuta yake, huchomoa waya mmoja badala ya sita.

Faida hiyo ina matata yake. Na uchukuliwe mfano wa katibu ambaye saa sita mchana huifunika kompyuta na kwenda ghalani kushuhudia upimaji wa pamba. Anaporudi saa nane, wanachama wamekwisha kukaa kwenye benchi, stakabadhi mkononi, wakingoja malipo. Katibu anaifunua kompyuta. Yenyewe inaamka, lakini skrini kubwa ni nyeusi, kipanya hakisogei, printa haionekani na mtandao umekatika.

Hapo ndipo makosa matatu hufanyika. La kwanza ni kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izimike kwa nguvu, na hesabu ambayo haikuhifadhiwa hupotea. La pili ni kuchomoa nyaya zote kwa pamoja, hata isijulikane tena ni upi uliokuwa na kasoro. La tatu ni kuiandikia Bodi kwamba doki imekufa na kwamba zinahitajika fedha za kununua nyingine. Kosa hili la tatu ndilo linalogusa mfuko wa mkulima.

Yafaa ieleweke kwamba doki iliyokuwa ikifanya kazi saa sita, ikakataa saa nane baada ya kompyuta kulala, mara nyingi haikufa. Kilichovunjika ni maelewano kati yake na kompyuta wakati wa kuamka. Kwa hiyo hapana budi uchunguzi utangulie ununuzi, kama vile hesabu ya ghala inavyotangulia malipo.

USINGIZI WA KOMPYUTA

Kompyuta iliyolala si kompyuta iliyozimwa. Katika usingizi, kumbukumbu ya muda huachiwa umeme kidogo, na kazi yote iliyokuwa wazi hukaa humo. Umeme huo ukikoma, kwa mfano betri ikiisha, kazi isiyohifadhiwa huweza kutoweka. Sehemu nyingine, yakiwamo matundu ya nyaya, hupunguziwa umeme au hunyimwa kabisa.

Kompyuta inapoamka, hulazimika kuvipigia hodi vifaa vyake upya. Katika tundu la USB-C, ambalo kanuni zake zilitolewa mwaka 2014, kuna mambo ya kupatana: ni umeme kiasi gani utakaopita, habari zitakwenda kwa mwendo gani, na picha itapitia njia ipi. Kanuni za umeme katika tundu hilo ziliruhusu hadi wati 100, na tangu mwaka 2021 zinaruhusu hadi wati 240. Lakini umeme mwingi hauruhusiwi kupita mpaka pande mbili zikubaliane kwanza. Upande mmoja ukichelewa kujibu, mwingine huendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna aliyepo. Hiyo ndiyo maana ya skrini nyeusi.

Usingizi wenyewe ni wa aina mbili. Ule wa zamani ni mzito, na karibu kila kitu husimama. Ule mpya ni mwepesi: skrini huzimika, lakini kompyuta huendelea na kazi ndogo ndogo kwa siri. Anayetumia Windows akitaka kuijua aina ya kompyuta yake, afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /a. Orodha itakayotokea itataja S3 kwa usingizi mzito au S0 kwa ule mwepesi. Jibu hilo liandikwe daftarini, kwa kuwa fundi ataliuliza.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Hatua ya kwanza ni kutazama kabla ya kugusa. Doki nyingi zina taa ndogo. Taa ikiwa imezimika, lawama isiwekwe kwenye usingizi; uchunguzwe umeme. Umeme wa ukutani unapokatika, kompyuta huendelea kwa betri yake, lakini doki isiyo na betri huzimika papo hapo. Katibu aliyekuwa ghalani hatajua kwamba umeme ulikatika na kurudi. Kwa hiyo soketi, adapta na nyaya zilizo chini ya meza zikaguliwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali hiyo haina fumbo lolote.

Hatua ya pili ni kuiamsha kompyuta kwa kibodi yake yenyewe, wala si kwa ile iliyochomekwa kwenye doki, kisha kungoja nusu dakika. Skrini kubwa nayo ina usingizi wake. Kitufe chake kibonyezwe, na ihakikishwe kwamba inasikiliza tundu lile ambamo waya umeingia. Isipoonyesha kitu, kitufe chenye alama ya Windows kibonyezwe pamoja na P, ili kuchagua picha iende skrini ipi. Ikikataa bado, vibonyezwe kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itazima na kuwaka kwa nukta moja au mbili, kwa sababu sehemu ya picha imeanzishwa upya. Kazi iliyokuwa wazi haipotei kwa kufanya hivyo.

Hatua ya tatu ni kuhifadhi kazi. Maadamu skrini ndogo ya kompyuta inaonekana, hesabu zote zihifadhiwe ndani ya kompyuta yenyewe kabla ya waya wowote kuchomolewa. Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo inayorukwa zaidi na mtu mwenye haraka.

Hatua ya nne ni kuchomoa waya mmoja tu, ule ulio kati ya kompyuta na doki, kuhesabu hadi kumi na kuurudisha. Mapatano yaliyovunjika huanza upya. Isipofaa, waya huo uchomolewe tena, na safari hii doki nayo ichomolewe kwenye umeme wa ukutani kwa nusu dakika. Kisha umeme urudishwe kwanza, na waya wa kompyuta baadaye. Sababu ni kwamba ndani ya doki mna programu ndogo inayoendesha kazi zake, nayo huweza kukwama. Kuchomoa waya wa kompyuta peke yake hakuizimi. Kuinyima umeme huizima.

Hatua ya tano ni kuiwasha kompyuta upya. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zikiamriwa kuzima huweka sehemu ya mfumo wake kwenye diski, na zinapowashwa huirudisha sehemu hiyo kama ilivyokuwa, ili ziwake upesi. Kasoro iliyokuwamo huweza kurudi nayo. Amri ya kuwasha upya haifanyi hivyo. Huanza mfumo wote tangu mwanzo. Kwa ajili hiyo, katibu aliyezima na kuwasha mara tatu bila mafanikio bado hajafanya jaribio la kuwasha upya.

KUTAFUTA MWENYE KOSA

Tatizo likirudi kila siku, yafaa kila kifaa kijaribiwe peke yake. Skrini kubwa ichomekwe moja kwa moja kwenye tundu la HDMI la kompyuta, kama lipo. Ikifanya kazi vizuri baada ya usingizi, skrini haina kosa. Kisha ubadilishwe waya wa doki. Nyaya za USB-C zafanana kwa sura lakini hazifanani kwa uwezo: upo waya uliotengenezwa kwa kuchaji simu, unaopitisha umeme na habari kwa mwendo wa megabiti 480 kwa sekunde tu, usioweza kubeba picha. Waya uliokuja na doki ndio utumike, wala usiazimwe kwa ajili ya simu.

Matundu nayo yatazamwe. Si kila tundu la USB-C hutoa picha, na doki ya Thunderbolt, yenye alama ya radi, ikichomekwa kwenye tundu la kawaida huenda isifanye kazi zake zote. Mwisho, doki ijaribiwe kwa kompyuta nyingine, ya chama jirani au ya ofisi ya Union. Ikikataa kwa kompyuta mbili, kwa waya mzima na umeme mzima, hapo ndipo panapokuwa na haki ya kusema kwamba doki ina ubovu.

TIBA YA KUDUMU

Vifaa vingi hupona kwa kupewa programu mpya kutoka kwa mtengenezaji wake. Programu hizo ni za namna tatu: ya msingi ya kompyuta, ya kuendesha picha, na ile iliyomo ndani ya doki yenyewe. Doki zinazopeleka picha kwa njia ya DisplayLink huhitaji programu yake iwekwe kwenye kompyuta. Isipokuwapo, au ikiwa imechakaa, skrini haiwaki. Programu ya msingi na ile ya doki zisibadilishwe siku ya malipo, wala siku ambayo umeme hauaminiki, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kifaa chaweza kuharibika kabisa. Ofisi ambazo zingali na Windows 10 zikumbuke pia kwamba msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Vilevile kompyuta huwa na ruhusa ya kuyanyima umeme matundu ya USB ili kutunza betri. Ruhusa hiyo huondolewa katika Device Manager, kwa kufungua kila USB Root Hub na kufuta alama iliyo chini ya Power Management. Katika baadhi ya kompyuta ukurasa huo hauonekani. Gharama ya kufanya hivyo ni betri kuisha upesi zaidi kompyuta inapokuwa safarini.

Njia nyingine ni kuiamuru kompyuta isilale inapokuwa kwenye umeme wa ukutani, bali izime skrini peke yake. Njia hii huondoa matatizo mengi, lakini ina sharti lake. Kompyuta isiyolala huacha hesabu za wanachama wazi mbele ya kila apitaye. Kila katibu anapoinuka mezani, abonyeze Windows pamoja na L, ili kompyuta ijifunge na kudai neno la siri.

DISKI YA NJE NA HAKI YA MWANACHAMA

Skrini nyeusi huudhi, lakini haidhuru hesabu. Diski ya nje ndiyo yenye hatari. Vyama vingine huweka daftari la mazao la msimu mzima kwenye diski iliyochomekwa katika doki. Doki inapokatika ghafla, diski nayo hukatika. Na kama kitabu cha hesabu kilikuwa kikiandikwa wakati huo, huweza kuharibika kisifunguke tena. Kwa hiyo kitabu cha hesabu kinachotumika kikae ndani ya kompyuta, na diski ya nje iwe ya nakala za akiba tu. Kabla ya kuifunika kompyuta, katibu ahifadhi, afunge kitabu, aiage diski kwa amri ya kuitoa salama, ndipo aichomoe. Nakala ikiisha kuchukuliwa, diski ifungiwe kabatini.

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba mwanachama aliyeleta mazao yake asirudishwe nyumbani kwa sababu skrini imekataa kuwaka. Kilo zake zilipimwa kwenye mizani na kuandikwa kwenye stakabadhi. Hazikuzaliwa ndani ya kompyuta. Katibu aendelee kwa kalamu na daftari, kisha aingize hesabu hizo kompyuta itakapotengemaa, na mjumbe mmoja wa Bodi alinganishe stakabadhi na kilichoingizwa.

Bodi nazo zina wajibu wao. Kila ombi la kununua doki mpya lifuatane na ukurasa wa daftari la vifaa wenye tarehe, saa, hali ya taa, hatua zilizofuatwa na matokeo ya kila hatua. Hati ya dhamana na risiti ya ununuzi zitazamwe pia, maana kifaa ambacho muda wake wa dhamana haujakwisha hurudishwa dukani, hakinunuliwi kingine. Na kisifunguliwe kwa bisibisi, kwa kuwa kukifungua huweza kuifuta dhamana hiyo.

Ukurasa huo mmoja wa daftari haugharimu kitu. Usipokuwapo, Bodi hununua kwa maneno ya mdomo, mkaguzi hukuta doki tatu nzima kabatini, na mkulima huyakuta makato kwenye malipo yake bila kuambiwa kwamba waya wa chaji ya simu ndio uliokuwa na kosa.